Jiwe Lililomvua Gesare Pete

Wanaomkumbuka Gesare siku hizi humkumbuka kwa ubaya. Nenda Chepilat, mpakani mwetu na Wakipsigis, siku ya soko umtaje, utaona akina mama wa kwetu wanavyoshusha sauti. "Yule aliyekata pete mumewe akiwa hai?" Ndiyo, huyo huyo. Mimi ni Drusilla. Gesare na mimi tuliolewa na ndugu wawili, yeye kwa Onyancha mkubwa, mimi kwa Bosire mdogo, tukakaa mlango kwa mlango katika laini, zile safu za nyumba za wafanyakazi, za shamba moja la chai upande wa Kericho, tukachuma pamoja mpaka migongo ikasahau kunyooka. Kwa hiyo habari za Gesare mtu asije kunifundisha. Nitasema nilivyoona, na atakayechukia, shauri yake.

Alizaliwa ng'ambo ya Chepilat, kwenye vilima vya kwetu, binti wa mtu mwenye ng'ombe wachache na heshima nyingi. Harusi yake ilikuwa ile ya zamani, kamili, ya kuchezewa na kuchinjiwa, na mwisho wake akavishwa pete za chuma miguuni. Sisi tunaziita ebitinge. Mwanamke aliyevishwa hizo ni mke wa kufa na kuzikana. Haziondoki kwa sabuni wala kwa mafuta. Hukatwa, na hukatwa mume anapokufa. Mke akizikata mumewe angali hai, amemtangaza maiti, na watu wetu waliamini kwamba kutangazwa hivyo kunaweza kumwua mtu kweli. Mimi niliolewa kanisani, nikavishwa pete ya kidole, ikaniponyoka ndani ya kikapu cha chai kabla mwaka haujaisha, na Bosire hakupata hata mafua. Lakini mimi nani alikuwa akinitazama? Miguu ya Gesare ilikuwa mali ya ukoo mzima.

Walikuja shambani kabla ya Uhuru. Onyancha alipata kazi kiwandani, kwenye tanuri za kukaushia majani, kazi ya moto na vumbi, na Gesare akapewa kikapu. Asubuhi kwenye umande ulimsikia kabla hujamwona, chuma kikigongana na chuma kati ya michai. Baridi ya Julai ilipoingia, pete zile zilimchubua mpaka ngozi ya vifundo ikawa nyeusi na ngumu. Siku moja nilimwambia azifunge kitambaa. Akasema kitambaa kikilowa baridi inakuwa mara mbili, akaendelea kuchuma.

Kanisani nako walikuwa na lao. Mchungaji wetu wa wakati huo alihubiri kwamba pete za miguuni ni minyororo ya shetani, na mwanamke mwenye nazo asiingie majini. Mwaka baada ya mwaka Gesare alikaa darasa la ubatizo, akayajua maandiko kuliko sisi tuliokwisha kubatizwa, na mwaka baada ya mwaka wakabatizwa wengine. Onyancha, ambaye yeye alibatizwa zamani, aliulizwa kama angekubali zikatwe. "Nyumbani watasema nini?" akajibu, na mambo yakaishia hapo. Onyancha hakuwa mtu mbaya. Hakumpiga mkewe, hakunywa, mshahara aliufikisha nyumbani. Angekuwa mbaya ningepata mtu wa kumchukia vizuri.

Watoto alizaa, wengine akawazika angali na maziwa kifuani. Waliopona ni wavulana wawili na dada yao mkubwa, Nyambeki. Huyu alikuwa mtoto wa mikono. Tukienda nyumbani likizo, alikimbilia kwa mjomba wake mchonga mawe, yale mawe laini ya kwetu yanayokatika kwa kisu. Katika kazi hiyo mwanamume ndiye hushika kisu. Mwanamke huosha, hupiga msasa, hupaka nta. Mjomba akampa mtoto kisu kwa mzaha, apate kicheko chake cha siku. Mtoto akatoa kuku, na kuku akawa kuku kweli, mjomba akaacha kucheka.

Akasoma shule ya shambani, akafaulu, akachukuliwa na shule moja ya wasichana ya bweni, na kutoka hapo akaenda chuo Nairobi kusomea uchongaji. Laini nzima ilipiga soga. Mtoto wa mchuma chai aende mpaka Nairobi kufundishwa kuchonga mawe, na wajomba zake wanachonga bila hata kujua kusoma? Mimi pia nilicheka, sina haja ya kuficha. Ila nilimwona Gesare akipita kwenye ghala la kiwanda kuomba magunia matupu, akayafua, akayashona, akamtengenezea mwanawe mfuko wa kubebea mawe.

Mwaka wa 1972, Nyambeki akiwa anamaliza masomo, akashinda tuzo. Kulikuwa na chama cha akina mama wa Nairobi, Waafrika na Wazungu na Wahindi, walioanzisha tuzo ya kuwatia moyo wasichana wenye kipawa wanaomaliza masomo ya sanaa. Walisema mvulana akimaliza chuo hupata pa kwenda, lakini msichana huolewa na patasi yake ikashika kutu. Kwa hiyo mshindi angepewa mwaka mzima katika karakana, na mawe, na vyombo, na mwalimu wa kumwongoza. Sharti lilikuwa wazi. Siku ya kukabidhiwa, mshindi awepo Nairobi, na kazi aliyoshindia iwepo mbele ya watu. Kimoja kikikosekana, tuzo inakwenda kwa mwingine. Nyambeki alituambia kwamba bila mwaka ule hana kisu, hana jiwe, hana mahali pa kukalia. Angerudi kuchuma chai na sisi.

Wale akina mama walikuwa na desturi ya kuipeleka kwanza kazi ya mshindi nyumbani kwao mshindi, ili wasichana wa huko nao waione. Wakaja na gari Jumamosi mchana, sanamu imefungwa blanketi. Meneja akafungua ukumbi wa shamba, tukajaa mpaka madirishani. Nyambeki alikuja nao, amevaa gauni la kijani. Gesare na Onyancha wakawekwa viti vya mbele kabisa, mahali ambapo hawajawahi kukaa.

Blanketi lilipovutwa nilisahau kufunga mdomo. Alikuwa Gesare. Gesare mwenyewe, urefu wa mkono, kikapu mgongoni, shingo imeinama kwa uzito, mguu mmoja mbele akipanda mlima. Mpaka namna anavyouma mdomo wa chini akichoka, ilikuwapo. Ukumbi ukapasuka kwa makofi. Chepkemoi, jirani yetu Mkipsigis aliyetuuzia maziwa, alisimama juu ya benchi akipiga kelele, "Mama Nyambeki! Ni wewe! Ni wewe hapo!"

Halafu nikasikia makofi yakipungua upande mmoja. Wakipsigis wanapiga, Waluo wanapiga, wageni wa Nairobi wanapiga, meneja anapiga. Watu wa kwetu, mmoja baada ya mwingine, mikono inashuka mapajani. Nikafuata macho yao. Miguu ya lile jiwe ilikuwa mitupu. Vifundo laini, safi, vya msichana ambaye hajaolewa. Au vya mjane.

Onyancha alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. Aliitazama miguu ya jiwe, kisha akainama akaitazama miguu ya mkewe chini ya kiti. Nyambeki bado alikuwa anatabasamu. Maskini, alilelewa kwenye laini, kati ya watu wa kila kabila, na pete za mama yake alizizoea tu, mtu anavyozoea mlango wa kwao. Alijua kwamba hazitolewi mguuni. Kwamba hazitolewi hata kwenye jiwe, hilo hakuna aliyemketisha akamwambia, maana nani angefikiri iko siku litahitaji kusemwa? Wageni walikunywa chai, wakafunga blanketi lao, wakarudi Nairobi na sanamu. Nyambeki akabaki kusubiri siku ya tuzo.

Habari zilifika nyumbani upesi kuliko basi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, akaja mzee Nyamwange, baba mdogo wa Onyancha, na wazee wengine wa ukoo. Walikaa kwenye mabenchi nje ya mlango wa Onyancha, jua limesimama utosini. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na mlango wazi. Nyambeki akasimamishwa mbele yao.

"Wewe msichana," Nyamwange akaanza, "mama yako ni mjane?"

"Hapana, babu."

"Baba yako amekufa?"

"Si huyu hapa, babu."

"Sasa pete ya mama yako iko wapi?"

Nyambeki akaeleza. Nilimsikia kwa masikio yangu, na nilimwamini, kwa sababu mwongo hutafuta maneno mazuri na yeye hakuyatafuta. "Hiyo jiwe ilipasuka, babu. Nilikuwa nimechonga pete zote. Hapo kwa kifundo kulikuwa na mshipa ndani ya jiwe, sikuiona. Kisu ikateleza, kipande ikatoka na pete. Kama ningechonga tena, mguu yote ingeanguka. Nikatoa za huo mguu ingine pia, zifanane, nikapiga msasa, ikakuwa laini."

"Kwetu mawe ni mengi. Ungechukua ingine."

"Siku zilikuwa zimeisha. Chuo kilikuwa kinataka kazi."

"Kwa hivyo," Nyamwange akasema polepole, "uliona heri baba yako akufe, bora usichelewe."

Nilitaka kutoka na mwiko. Bosire, aliyekaa nje na wazee, aliniangalia kwa jicho ninalolijua, nikabaki.

Wakakata shauri. Nyambeki aende Nairobi, aikatae tuzo, alichukue lile jiwe alilete nyumbani. Huko lingevunjwa na kufukiwa, kondoo achinjwe, na msichana atafutiwe bwana upesi kabla hajaharibika zaidi. Na asipolileta? Basi Onyancha akipatwa na jambo lolote, hata homa, damu yake iko mikononi mwa bintiye. Nyumbani asikanyage, na ndugu zake wa kiume wasimwite dada.

Nyambeki akamgeukia baba yake. "Tata, wewe unasema aje?"

Onyancha alikuwa anatazama viatu vyake. "Si umesikia vile wazee wamesema," akajibu.

Msichana akalia, akajifuta kwa mkono wa gauni lile lile la kijani. Kisha akasema, "Sawa. Nitaenda niichukue." Alimpenda baba yake, ndilo kosa alilokuwa nalo. Jikoni Gesare alikuwa anakoroga ugali wa wazee. Hakugeuka wala hakuacha kukoroga, lakini ugali ule uliungua, na Gesare hakuwa mtu wa kuunguza ugali.

Wazee walilala kwetu, kwa kuwa basi la Sotik lilikuwa limekwisha pita. Asubuhi Gesare hakuchukua kikapu. Akaniambia, "Drusilla, nisindikize kidogo." Nilidhani tunakwenda zahanati. Tukapita zahanati, tukaingia uwanja wa kiwanda, tukasimama mbele ya karakana ya mafundi. Osoro, fundi wa kwetu, alipoambiwa anachotakiwa kukata aliweka chini msumeno wa chuma akarudi nyuma.

"Mama, mimi niko na watoto," akasema. "Usiniletee hiyo."

Gesare akamwendea Kipsang, Mkipsigis, mtu mpole aliyetengeneza mikanda ya mashine. Kipsang aliitazama miguu yake, akavua kofia.

"Pole sana, mama. Papa Nyambeki amekufa lini? Sisi hatujasikia."

"Hajakufa. Iko pale kwa tanuri, mzima."

"Sasa mbona unakata?"

"Kata, Kipsang. Kama unaogopa, nipe msumeno nikate mwenyewe."

Nilimshika bega, nikamwuliza kama amefikiri. Akasema amefikiri vya kutosha. Akakalia gogo, akanyoosha mguu, Kipsang akamwekea gunia chini ya kisigino, akaanza. Chuma kile kilikuwa kimekaa mwilini mwa Gesare tangu ujana wake, kilikataa kuachana naye. Kikapata moto kwa kukatwa, Kipsang akawa anamwagia maji. Mahali pamoja msumeno uliteleza ukala nyama. Gesare akauma mdomo wa chini, vile vile alivyochongwa na mwanawe. Zilipokwisha zote, ngozi iliyobaki ilikuwa ya kijivu, imekunjamana, haijawahi kuona jua. Akazifunga zile pete katika kanga yake akasimama, akapepesuka, kwa sababu miguu ilikuwa imekuwa myepesi ghafla.

Wazee walikuwa nje ya nyumba wakinywa chai ya safari. Onyancha alikuwa ameomba ruhusa kiwandani aje awaage. Gesare akaja mbele yao, bila sauti ile ya kutembea, na nadhani ndilo lililowafanya wainue vichwa. Akafungua kanga, akaziweka pete chini kwenye udongo.

"Hiyo jiwe haikupasuka," akasema. "Mtoto aliwadanganya kwa sababu ya kuniogopa. Ni mimi nilimwambia anichonge bila pete. Nimechoka nazo. Kama kuna neno, neno ni langu, si lake."

"Mama, hapana!" Nyambeki akatoka ndani akikimbia.

"Nyamaza wewe!" Sijawahi kumsikia Gesare akipaza sauti vile, kabla wala baadaye. Msichana akasimama pale pale.

Nyamwange aliondoka kwenye benchi asije akazigusa zile pete kwa mguu wake. Onyancha hakuondoka. Alimtazama mkewe, akauliza taratibu, mtu anavyouliza kama mvua itanyesha, "Umeniua, Mama Nyambeki?"

"Sijakuua. Uko hapo unaongea."

Onyancha akavaa kofia, akarudi kiwandani, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha.

Mambo mengine yalikuwa mepesi, na wepesi wake unanikera hadi leo. Mtoto aliyetumwa na mama hana hatia, wazee wakasema, kosa humrudia aliyemtuma. Nyambeki akaachiliwa, aende zake na jiwe lake. Mama yake asimpikie tena Onyancha, asiingie nyumba yake, asiwashike wale wavulana, na kondoo wa kumtakasa mume achinjwe bila yeye kuwepo. Pete zikafungwa katika majani ya mgomba. Mchana wazee wakapanda basi, wameshiba, wamemaliza kazi.

Niliwasindikiza Gesare na Nyambeki mpaka barabara kuu, mmoja anaelekea kwake, mwingine hana kwake. Nyambeki alikuwa amevimba macho. Akasema hataenda Nairobi, atawafuata wazee awaambie ukweli.

"Uwaambie ndio nini kifanyike?" mama yake akamwuliza. "Pete itarudi mguuni? Mimi nitabaki bila bwana, na wewe utabaki bila kazi. Sasa hapo nani atakuwa amepona?"

"Sikukuomba, mama."

"Najua hukuniomba. Panda gari."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Niliyoona siku ile ni zaidi ya uchungu. Gari lilipoondoka Gesare alikaa ukingoni mwa barabara, akafunika miguu yake kwa leso, akaniambia anasikia baridi.

Akaanza kwa kwenda kanisani, kwa sababu aliamini yale aliyofundishwa. Miaka yote walimwambia atoe minyororo ya shetani, sasa ametoa. Mchungaji alimpokea kwenye kibaraza, hakumkaribisha kiti. Alimwambia hakuzitoa kwa ajili ya Bwana, alizitoa kwa ajili ya jiwe, na tena mke aliyeachana na mumewe hawezi kubatizwa mpaka wapatane. Nilipopata habari hizo niliacha kwenda ibada kwa muda mrefu. Bosire aliniambia naikufuru nyumba ya Mungu. Nikamwambia Mungu mwenyewe anajua nimemkasirikia nani.

Aliyempokea ni Chepkemoi, yule wa maziwa. Alikuwa na dada yake aliyeolewa Siongiroi, karibu na soko la ng'ombe, akampeleka huko. Wakipsigis wana desturi zao na ukali wao, lakini na vifundo vya Gesare hawakuwa na ugomvi. Akawa anapika uji na chai kwa wauza mifugo. Onyancha alioa tena kabla ya mwaka kwisha, na yule mke mpya, sina neno naye, aliwalea wavulana vizuri mpaka mdogo akasahau kuuliza.

Nyambeki alisimama mbele ya watu siku ile Nairobi, jiwe likiwa kando yake, akapokea tuzo. Waliokuwapo walisema alipigiwa makofi mengi na hakuinua macho. Akafanya mwaka wake katika karakana, wakamsifu, akapata kazi ya kufundisha uchongaji. Tuzo ilifanya kazi yake, siwezi kusema haikufanya. Vinyago vyake viliuzwa mpaka ng'ambo. Lakini mtu hakumchonga tena. Bakuli, ndege, samaki, chungu ya mayai ya mawe. Mwalimu wake alimbembeleza amchonge mtu, akamjibu hajui miguu.

Alikuwa akija Siongiroi na blanketi na sukari, akimwomba mama yake waende wakakae Nairobi. Gesare alikataa kila mara. Alisema watu wakiwaona pamoja watasema walipanga, na watarudi kumshika mtoto. Hata salamu za wavulana alinituma mimi, na mimi nilizifikisha kwa kuiba, nikijifanya nimetumwa na mjomba wao. Mwaka wa 1977, mvua za Aprili, kifua kikamshika. Alizoea moshi wa kuni na baridi ya sakafu, hakwenda hospitali mpaka alipobebwa. Nilimkuta kabla hajafa. Aliniuliza kama Onyancha yuko mzima. Nikamwambia yuko mzima na amenenepa. Akasema, "Afadhali," na alimaanisha, jambo ambalo mimi ningeshindwa.

Kumzika ikawa kesi. Kwa Onyancha walikataa, si mke wao. Kwa ndugu zake walikataa pia, kwa sababu msichana aliyeolewa hana kaburi kwa baba yake. Mwili ulikaa ukisubiri watu wazima wabishane mwanamke awekwe udongo gani. Mwishowe mume wa yule dada wa Chepkemoi akasema wampeleke kwake, akatoa pembe ya shamba kando ya ua wa miti. Mtu wa kabila jingine kabisa, ambaye hata jina la baba yake Gesare hakulijua. Tulikuwa wachache. Aliyeomba alikuwa mwinjilisti wa hapo Siongiroi, naye hakuuliza habari za ubatizo.

Udongo ulipokuwa umekwisha kurudishwa, nikamwona Onyancha. Amesimama nje ya ua, amevaa koti lake la kiwandani, kofia mkononi. Alikuwa amekuja peke yake. Nyamwange alikwisha kufa zamani kidogo, kwa uzee wake, na labda ndiyo maana alithubutu. Nyambeki akamwendea, nami nikamfuata nyuma, kwa kuogopa watakalofanyiana. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ile ya mabenchi.

"Tata," akasema, "mama hakuniambia kitu. Hiyo jiwe ilipasuka tu, vile nilisema."

"Najua," Onyancha akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hiyo siku. Kutoka kwa ukumbi mama yako alilia mpaka asubuhi. Mtu anaweza kulilia kitu ameagiza mwenyewe?"

Nyambeki alishika nguzo ya ua. "Na mbona hukuwaambia wazee?"

Onyancha aligeuza kofia mikononi, akalifikiria swali hilo kwa uaminifu wake wote, maana hakuwa mtu wa kudanganya.

"Nilitoka kazini saa kumi," akasema. "Walikuwa wameshapanda basi."